Koti jeupe la siku 9

Kila mwaka baridi inapoanza kuingia, barua za aina moja huanza kufika katika nyumba za wanafunzi wa sekondari nchini Marekani. Bahasha ni nzito, karatasi ni nene, nembo ya dhahabu inang'aa pembeni, na jina la mtoto limeandikwa kwa mwandiko wa mapambo. Ameteuliwa. Kwa alama zake na kwa uongozi aliouonyesha, anaalikwa kwenye kongamano la madaktari wa kesho litakalofanyika Julai, katika chuo kikuu ambacho hata shangazi aliyeko Tanga amewahi kulisikia jina lake. Bei hukaa kurasa za ndani: dola 3,500, dola 4,000, mahali pengine dola 5,000 kwa siku 9 au 10. Nauli ya ndege ni juu ya familia.

Swali ambalo wazazi huulizana ni kama mpango huo ni wa kweli au ni utapeli. Mara nyingi si utapeli. Kambi ipo, walimu wapo, mtoto atalala bwenini, atakula, atafundishwa na kurudi na cheti. Swali gumu zaidi ni kitu gani hasa kinachonunuliwa, na kama kwa fedha hiyohiyo, au bila fedha kabisa, mtoto anayetaka udaktari hawezi kupata kilicho bora.

Barua hii huwa na uzito wa pekee kwa familia za Waafrika Mashariki na Wakongo waliohamia Minneapolis, Houston, Columbus au Louisville. Mzazi aliyesoma Tanzania au Kenya amekulia katika mfumo ambamo kuchaguliwa kulikuwa kauli ya serikali. Majina ya waliochaguliwa kidato cha 5 yalitoka, na yakishatoka yametoka. Hapakuwa na kampuni nyuma ya orodha ikingoja malipo. Udaktari nao huanza mapema. Kijana wa Fizikia, Kemia na Baiolojia hutoka kidato cha 6 akaingia moja kwa moja kwenye shahada ya udaktari ya miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo kazini. Kenya shahada yenyewe ni miaka 6. Asiyepata nafasi hapo hujikuta akihangaikia njia ndefu za kuzunguka. Mzazi wa namna hiyo akiona neno "ameteuliwa" chini ya nembo ya dhahabu, anasoma kwamba mlango umefunguliwa na ukifungwa haufunguki tena. Na katika nyumba ambako mtoto ndiye anayewasomea wazazi barua za benki, za shule na za hospitali, mteuliwa anageuka kuwa mkalimani wa uteuzi wake mwenyewe. Sijui kama kuna muuzaji bora kuliko huyo.

Marekani, mlango hauko hapo. Udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza: miaka 4 ya chuo katika somo lolote alimradi masomo ya sayansi yanayotakiwa yamo, mtihani wa MCAT, miaka 4 ya shule ya udaktari, kisha miaka 3 hadi 7 ya kubobea hospitalini. Anayeomba ana miaka 21, 22, mara nyingi zaidi. Fomu ya maombi ya AMCAS, inayotumiwa na shule nyingi za udaktari, ina nafasi 15 za kuorodhesha kazi na shughuli, na 3 kati ya hizo huelezwa kwa kirefu. Wanaosoma fomu hizo wanatafuta mtu alifanya nini akiwa chuoni: saa alizokaa na wagonjwa, utafiti alioshiriki, watu aliowahudumia kwa miaka. Kwa mwaka wa masomo wa 2023-24 waombaji walizidi 52,000 na walioanza masomo walikuwa karibu 23,000. Katika mchujo wa namna hiyo, siku 9 za bwenini akiwa na miaka 16 hazina pa kukaa.

Basi husemwa kwamba zitamsaidia kuingia chuo kizuri cha shahada ya kwanza. Fomu ya Common App inampa mwombaji nafasi 10 za shughuli, kila moja kwa herufi 150 tu za maelezo. Kambi ya kulipia inaweza kujaza mstari mmodi. Lakini maofisa wa udahili wanazijua kambi hizi kwa majina, na wanajua kwamba kilichochujwa hapo, kwa sehemu kubwa, ni uwezo wa mzazi kulipa. Mstari unaosema mwanafunzi alihudumia wateja kwenye duka la dawa miezi 14 huku akilea wadogo zake una uzito ambao cheti cha kambi hakina. Kuna tofauti moja: mipango michache inayompokea mwanafunzi wa sekondari moja kwa moja hadi udaktari, kama ule wa Chuo Kikuu cha Brown unaoitwa PLME au ule wa miaka 6 wa Chuo Kikuu cha Missouri kilichoko Kansas City. Huko mtoto wa miaka 17 hulazimika kueleza kwa nini ana hakika na kazi hii. Hata hivyo, hakika hiyo huonekana vizuri zaidi kwa mtu aliyekaa na wagonjwa muda mrefu.

Na ni nani hasa aliyemteua mtoto? Wakati mwingine ni mwalimu aliyejaza fomu kwa nia njema. Mara nyingi ni orodha. Wanafunzi hujaza dodoso shuleni, hutiki visanduku vya kazi wanazozipenda na kuandika anwani ya nyumbani, na taarifa hizo zina soko. Februari 2024 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York alitangaza kwamba College Board, wenye mitihani ya SAT na PSAT, wangelipa dola 750,000 kumaliza shauri la kutumia na kutoa kwa malipo taarifa za wanafunzi zilizokusanywa wakati wa mitihani shuleni. Mtoto aliyetia alama kwenye kisanduku cha udaktari akiwa kidato cha 3 anaweza kusahau kabisa kwamba alifanya hivyo. Orodha haisahau.

Jina la chuo nalo linahitaji macho makali. Vyuo vikuu vya Marekani hubaki na mabweni matupu wanafunzi wakiondoka, na hukodisha vyumba, kumbi na kantini kwa yeyote mwenye fedha: kambi za mpira, mikutano ya kanisa, kampuni za elimu. Mtoto anaweza kulala wiki nzima ndani ya chuo mashuhuri bila kufundishwa na mwajiriwa hata mmoja wa chuo hicho. Kipeperushi hakidanganyi kinaposema kambi inafanyika hapo. Kinachotakiwa ni kujua mkataba unasainiwa na nani, na fedha inaingia akaunti ya nani.

Ndani ya kambi, tuwe waadilifu, mambo si mabaya. Asubuhi kuna mhadhara, labda wa daktari wa dharura anayesimulia usiku wake mbaya kuliko wote. Mchana watoto hugawanywa vikundi. Wanajifunza kufufua moyo kwa kugandamiza kifua cha sanamu, wanapitisha mpira wa hewa kwenye koo la plastiki, wanapasua moyo wa kondoo. Kisha huja kipindi ambacho picha zake zitawekwa kwenye simu: kushona. Kila mmoja anapewa mguu wa nguruwe uliochanwa, koleo ndogo na uzi wenye sindano iliyopinda kama ndoana. Sindano inaingia wima, kifundo cha mkono kinageuzwa, inatokea upande wa pili. Fundo la kwanza linalegea, la tatu linakaa. (Kwa familia ya Kiislamu mguu huo unaweza kuzua mjadala wa jioni nzima, baadhi ya kambi hutumia ngozi bandia au ndizi, ni vizuri kuuliza mapema, pamoja na habari ya chakula, sala na mpangilio wa mabweni.) Mtoto anatoka hapo akiwa amesisimka kweli. Anapiga picha akiwa na koti jeupe.

Tatizo ni kwamba kushona si udaktari. Ni ufundi mzuri, na vifaa vya kuufanyia mazoezi huuzwa mtandaoni kwa makumi ya dola. Kozi ya kufufua moyo hutolewa na Msalaba Mwekundu kwa Jumamosi moja. Kitu ambacho kijana wa miaka 16 anahitaji kukijua kuhusu kazi hii, yaani kama anaweza kukaa na mtu mgonjwa, mwenye harufu, mwenye hasira, asiyepona, na kesho akarudi tena, kambi haiwezi kumwonyesha, kwa sababu sheria za faragha ya wagonjwa na busara ya kawaida haziruhusu watoto 200 kuranda wodini. Ni sawa na kuijua ndoa kwa kuhudhuria harusi.

Wanaozitetea kambi hizi husema kwamba tafiti zinaonyesha mipango ya kiangazi inabadilisha maisha. Zipo, na moja ni ya kuaminika sana. Mwaka 2022 wachumi Sarah Cohodes, Helen Ho na Silvia Robles walichapisha matokeo ya utafiti kuhusu mipango ya sayansi na uhandisi kwa vijana wa makundi yenye uwakilishi mdogo, ambamo nafasi zilitolewa kwa bahati nasibu miongoni mwa waombaji waliofaa, hivyo waliopata na waliokosa wangeweza kulinganishwa kwa haki. Waliopata nafasi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuingia chuo, kukimaliza na kutoka na shahada ya sayansi. Ila mipango hiyo ilikuwa ya bure, ya ushindani, iliyoendeshwa na taasisi iliyowakusudia watoto hao. Kuchukua matokeo yake na kuyabandika kwenye kambi inayompokea kila mwenye kadi ya benki ni kubadilisha bidhaa huku ukiacha lebo ileile.

Hapa ndipo kipimo changu kilipo, na naona kinashinda maswali 20 ya kwenye vipeperushi: fedha inatoka kwa nani kwenda kwa nani? Chuo Kikuu cha Stanford kina mpango wa utafiti wa wiki 8 uitwao SIMR, ambao hautozi ada ya masomo na huwapa vijana posho. Kuupata ni vigumu mno. Stanford hiyohiyo ina kozi ya kulipia ya ufundi wa upasuaji wa moyo, inayopokea hata wanafunzi wa sekondari. Jina ni moja, milango ni miwili. Chuo hicho pia ni chimbuko la mpango ulioanzishwa mwaka 1988 kwa ajili ya vijana wa familia za kipato cha chini wanaopenda tiba, bila malipo. Chuo Kikuu cha Michigan kina mpango wa Doctors of Tomorrow unaowaunganisha wanafunzi wa sekondari ya Cass Tech ya Detroit na wanafunzi wa udaktari. Taasisi inayotaka kipaji cha mtoto hukigharamia.

Mfano unaopendwa sana kusimuliwa ni wa maabara ya Jackson, kule Bar Harbor, Maine, ambako mpango wa wanafunzi wa kiangazi ulianza mwaka 1924. Mwaka 1955 alifika kijana wa sekondari, David Baltimore, akamkuta Howard Temin, kijana mwenzake aliyemtangulia kwa miaka michache, ambaye wanafunzi wenzake wa kiangazi hicho walimwona kama kiongozi wao wa kisayansi. Miaka 15 baadaye, mwaka 1970, kila mmoja katika maabara yake aligundua kimeng'enya kinachoandika DNA kutoka kwenye RNA. Mwaka 1975 waligawana Tuzo ya Nobel pamoja na Renato Dulbecco, na bila ugunduzi huo virusi vya UKIMWI vingetusumbua zaidi kuvielewa. Kisa hiki hakithibitishi kwamba kiangazi hutengeneza wanasayansi. Vichwa kama hivyo huenda vingepenya popote. Kinachonivutia ni kitu kidogo zaidi: kijana aliwekwa karibu na kazi yenyewe, kwa majuma, akiwa na mtu aliyemzidi kidogo. Hakuna aliyemwita kiongozi wa kesho.

Tuje kwenye dola 4,000. Kwa takwimu za 2024-25, ada ya wastani ya mwaka mzima katika chuo cha umma cha miaka 2, kwa mkazi wa eneo, ilikuwa dola 4,050. Yaani siku 9 za kambi zinalingana na mwaka mmoja wa kemia, baiolojia, takwimu na uandishi. Minnesota, makao ya Waafrika Mashariki wengi, ina mpango wa PSEO tangu 1985 unaomruhusu mwanafunzi wa sekondari kusoma masomo ya chuo bila kulipa ada. Ukimwuliza ofisa wa udahili kati ya alama A ya kemia ya chuo na cheti cha kambi, hatafikiri muda mrefu.

Lakini mbadala ulio karibu zaidi na wodi ni ule ambao wazazi wengi wa kwetu wanaujua kwa mgongo wao: CNA, msaidizi wa muuguzi. Sheria ya shirikisho ya 1987 inataka mafunzo yasiyopungua saa 75, ambamo saa 16 ni za vitendo chini ya msimamizi, na nyumba ya wazee inayomwajiri mwanafunzi haitakiwi kumtoza gharama ya mafunzo hayo. Majimbo mengi hupokea wenye miaka 16. Mengine husubiri 18. Zamu huanza saa 12 asubuhi. Kuna bibi wa chumba cha mwisho asiyeweza kujigeuza: kila saa 2 unamsogeza, mto nyuma ya mgongo, mto kati ya magoti, unaangalia visigino na nyonga kama ngozi imeanza kuwa nyekundu, maana vidonda vya kulala huanzia hapo. Unamwosha ukianza na uso, upande mmoja umefunikwa ili asipate baridi wala aibu. Anakuita kwa jina la binti yake. Unaandika kiasi alichokula na kama amepata choo. Kijana akimaliza miezi 3 ya kazi hiyo na bado anataka udaktari, maneno yake kwenye insha yatakuwa na mwili. Akigundua hautaki, amejua mapema, na amelipwa.

Najua kinachowakwaza wazazi hapa. Baba aliyebeba wazee miaka 12 ili mwanawe asibebe hataki kusikia kwamba njia ya koti jeupe inapita kwenye beseni lilelile. Anataka mtoto aanzie ukumbini, kwenye kiti, akihutubiwa na profesa. Hisia hiyo ni ya heshima na siidharau. Ila ndiyo hasa inayonunuliwa na barua ya dhahabu. Kwa wadahili wa shule za udaktari, kazi ya CNA ni miongoni mwa uzoefu unaothaminiwa.

Kuna bidhaa nyingine inayotugusa moja kwa moja: kampuni zinazowapeleka vijana wa miaka 16 na kuendelea kwenye hospitali za Tanzania au Kenya, wiki 2 za kuwafuata madaktari na siku chache za mbuga. Mwaka 2011 chama cha shule za udaktari cha Marekani, AAMC, kilitoa mwongozo unaowaonya wanafunzi wasifanye nje ya nchi yale ambayo wasingeruhusiwa kuyafanya kwao, na kufanya hivyo kunaweza kumharibia mtu maombi badala ya kuyapamba. Mgonjwa wa Iringa hakuja hospitali ili awe somo la mtoto asiyejua hata kumsalimu. Watoto wetu wanaokwenda kwa bibi Julai nao wamo kwenye onyo hili. Mjomba tabibu akimwambia mgeni, "Haya, mwanangu, vaa glavu uchome sindano," ni ukarimu, na jibu linalofaa ni, "Hapana, mjomba, acha niangalie tu." Mtoto wa kwetu, lakini, ana kitu ambacho mgeni wa kulipia hanacho: anaelewa mgonjwa anasema nini. Kukaa kwenye benchi la kliniki ya wajawazito asubuhi nzima akisikiliza kutamfundisha mengi bila kugusa mtu.

Na michango. Familia isiyo na dola 4,000 haikosi watu. Kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa, mwekahazina anateuliwa, kanisa linatangaza harambee, ahadi zinaandikwa. Jambo hili lina uzuri wake, ila linabadilisha hesabu. Arubuni ya kambi kwa kawaida hairudi, na fedha ya watu 40 ikishakusanywa mtoto hawezi tena kusema amebadili mawazo. Anakwenda akiwa daktari wa jumuiya nzima, kabla hajasoma hata kemia ya mwaka wa kwanza. Nimeona vijana waliobeba mzigo huo hadi mwaka wa 3 wa chuo. Kama jumuiya ina fedha ya kuchanga, ada ya mtihani wa MCAT na gharama za maombi ya shule za udaktari, miaka 5 baadaye, ni mahali penye njaa zaidi.

Siwezi kusema kambi haifai kamwe. Kwa familia ambayo fedha hiyo haitaumiza kodi ya nyumba, na mtoto anayeishi mji mdogo bila hospitali karibu, au ambaye hajawahi kulala nje ya nyumba na anahitaji kujua kwamba anaweza, siku 9 zinaweza kuwa likizo nzuri yenye maana. Msichana ambaye hajawahi kumwona daktari mweusi mwanamke akisimama mbele ya umati na kusema "na mimi nilianzia hapa" anapata kitu kisicho na bei. Ilipwe basi kwa bei ya likizo, ikilinganishwa na likizo nyingine. Kama inatolewa kama ngazi ya udaktari, dola 4,000 ni ghali mno kwa mstari wa herufi 150.

Kilichobaki ni kalenda, na kalenda ina hila zake. Barua huja na punguzo la bei linalokwisha baada ya wiki chache, ilhali maombi ya mipango mingi ya bure hufungwa kati ya Desemba na Machi, na mingi hutaka barua ya mwalimu. Hospitali za mtaani nazo hupokea vijana wa kujitolea kwa msimu, na fomu zao huisha mapema. Huko hutakiwa kadi ya chanjo na kipimo cha kifua kikuu. Watoto waliozaliwa Afrika Mashariki kwa kawaida wamechanjwa BCG, na kipimo cha ngozi kinaweza kuvimba kwa sababu ya chanjo hiyo, kisha ofisi ikamsimamisha mtoto hadi picha ya kifua ipatikane. Ni bora kuomba kipimo cha damu tangu mwanzo, ambacho hakichanganywi na BCG, na kukiomba Februari kabla miadi ya kliniki haijajaa.